Chupa ya Kwenda Kampala

Kwenye lango la ile hospitali ya mahema waliuliza neno moja tu: "Risasi ao panga?" Ukisema risasi, unaingia. Ukisema panga, unaingia. Mudogo wangu alisimama mbele ya lango, kitenge kimemufunika kifua mpaka shingoni, na muuguzi akamuuliza kama alivyouliza wengine wote, bila kuinua macho. Mudogo wangu akaniangalia mimi. Hakuwa na risasi, hakuwa na panga. Alikuwa na kitu ndani ya titi la kushoto, sawa kichwa cha kitunguu, kigumu, na hakikuuma.

Hilo la kutouma ndilo lililonichanganya tangu mwanzo. Mimi masomo yangu yaliishia darasa la tatu kwa masista, lakini nimezaa, nimezika, nimeuguza watu. Ugonjwa ninaoujua unauma. Mutu analia, anashika tumbo, anakataa bugali. Huyu alikuwa anakula, anacheka, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Niliona tu kwamba anatwanga na mukono mumoja. Nikamuchokoza kwamba siku hizi amekuwa bibi wa mukubwa, anaogopa muchi. Akaacha kutwanga, akanivuta nyuma ya nyumba, akafungua blauzi, akachukua mukono wangu na kuuweka pale. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya watu kukimbia mara ya kwanza. Na siye tulikuwa tumekimbia na kurudi mara nyingi.

Nilimugombeza sana. Kisha nikaanza kuhangaika naye. Kwanza muuguzi wa kwetu Nyakasanza, aliyekuwa anachoma watu sindano ndani ya sebule yake. Akasema ni jipu, akachoma, jipu halikupasuka. Kisha mama mumoja wa majani. Alichanja na wembe, akapaka dawa nyeusi, ikabaki alama tu. Kabla ya vita tulikuwa na munganga wa kupasua, mutu muzuri, lakini alikimbia na jamaa yake yote, na hatukusikia kama alifika alikokuwa anaenda. Hospitali kubwa ilikuwepo, ila kufika kule kulitaka kupita bariere za vijana waliofunga barabara, wakiuliza baba yako ni nani na alizaliwa mulima gani. Jibu letu halikuwa jibu la kupita nalo.

Basi wazungu walipokuja na ndege, wakapiga mahema yao meupe upande wetu wa mji, mimi nilifurahi. Niliona kwa macho yangu mutu ameingia pale matumbo yakiwa mukononi, akatoka anatembea. Nikasema moyoni, mutu anayeweza kushona matumbo, kitunguu cha ndani ya titi kitamushinda je?

Ndiyo tukapanga mustari siku ile. Mbele yetu alikuwa baba mumoja anangoja. Muuguzi akatoka, akaita jina la jamaa, akamupa kitu kirefu kimefungwa na kitambaa. Ulikuwa muguu wa mutoto wake wa kiume. Waume wakavua kofia. Kwetu kinachotoka kwa mwili hakitupwi. Kitovu cha mutoto kinazikwa, kondo la nyuma linazikwa, hata kidole kikikatwa na shoka shambani kinazikwa kabla jua halijashuka, na wanaokizika ni watu wa nyumba. Wale wazungu mwanzoni walikuwa wanachoma. Jamaa zikaja kulalamika kwenye lango, na wao wakaelewa upesi. Tangu hapo kila kilichokatwa kilirudishwa kwa wenyewe. Mji wetu wote wa Bunia ulijua hivyo.

Baba yule alipopita na muguu wake, zamu yetu ikafika. Risasi ao panga. Nikasema huyu ni mugonjwa wa titi. Muuguzi akasema hapa ni ya vita tu, mama, mungoje vita iishe. Nyuma yetu mama mumoja aliyefungwa bandeji kichwani akasema, "Mama, rudini pale kwa bariere, muombe vijana bamupige moja ya muguu. Ataingia mbio." Watu wakacheka. Mudogo wangu akacheka pia, mpaka akaniegemea. Mimi sikucheka. Nikamuambia muuguzi, "Munganga wetu alikimbia vita. Weye unajua. Kama asingekimbia, ningekuja hapa kukuomba? Basi hii nayo ni ya vita." Akaniangalia sasa. Alikuwa kijana wa hapa, uso wa watu ninaowajua, ila sikumuuliza ni wa upande gani, na yeye hakutuuliza. Akasema atajaribu kusema ndani, siye turudi kesho. Kesho tukarudi, na kesho nyingine. Tulirudi mpaka yule mama wa bandeji akapona, akaacha kuja.

Ikanyesha mvua moja kubwa, wapiganaji wakakaa ndani ya nyumba zao kama watu wengine, na lango likawa tupu. Muuguzi akatupungia mukono tuingie.

Mupasuaji alikuwa mwanamuke. Mimi nilitazamia mwanaume. Muzungu murefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, mikono myekundu ya kunawa kila saa. Hakujua Kiswahili, alisema Kifaransa, na muuguzi alikuwa anatugeuzia maneno. Alibonyeza titi, akabonyeza kwapani, akarudi tena kwapani. Kisha akakaa. Akasema ile si kazi aliyotumwa, na hapendi kuanza kitu asichoweza kumaliza. Hapa wanashona tu. Ugonjwa kama huu, kama ndio anaoufikiria, unataka kukatwa, na baada ya kukatwa unataka dawa, na mashine, na munganga mwingine ambaye kazi yake ni kuangalia nyama ndani ya vioo na kusema ni nyama gani. Huyo wa vioo yuko Kampala. Mashine zingine ziko kwao, Ulaya. Leo anaweza kutoa kile kitu tu. Nyama iende Kampala, jibu lirudi, ndipo ijulikane kama titi lote linapaswa kutoka.

Akamuchoma sindano ya ganzi, akakitoa. Mudogo wangu alikuwa macho, ananiambia nikumbuke kuanua nguo. Kisha mupasuaji akaniletea kichupa cha mudomo mupana, kifuniko cha bluu, ndani kuna maji yanayochoma macho, na kile kitu kimelala chini, cheupe, kidogo kuliko nilivyodhani. Ndege yao ilibeba watu wa vidonda tu, hakuruhusiwa kutia kitu kingine. Nitafute mutu anayekwenda Kampala, nimupe.

Nikamuuliza muuguzi: kama nyama inaweza kufika Kampala, kwa nini mwenye nyama asiende? Muuguzi akamugeuzia. Yule mama akafikiri, akasema maneno marefu. Muuguzi akanipa mafupi: kichupa hakiulizwi karatasi, wala hakilali kwenye mustari wa hospitali miezi, wala hakishushwi kwenye mutumbwi kule ziwani kwa sababu ya uso wake. Niliyaelewa maneno. Jambo lenyewe sikulielewa, na leo bado.

Nyumbani kwa mudogo wangu alikuwepo mama mukwe wake. Bwana ya mudogo wangu alikuwa kule Kilo kuchimba dhahabu, njia imefungwa, hatukuwa na habari zake. Huyu muzee alibaki naye na watoto. Mwanamuke mukali kuliko mimi, na mimi ni mukali. Nilimulaza mudogo wangu, nikaweka kichupa juu ya meza, nikakifunika na kitambaa, nikatoka kumutafuta mufanyabiashara mumoja wa vitenge aliyekuwa anajua marubani. Ilichukua muda. Nilimukuta, akakunja uso kusikia nyama, mwishoni akakubali nimuletee asubuhi.

Kurudi, nikakuta meza tupu. Kichupa kilikuwa nje juu ya kichanja cha vyombo, kimesuguliwa na majivu, kimepinduliwa kikauke, kinang'aa.

Nikamuuliza muzee, "Mama, kile kilichokuwa ndani kiko wapi?"

"Kimelala," akasema. "Nimekilaza nyuma ya jiko, pale pa vitovu vya batoto. Nimekiombea pia. Nyinyi mulikuwa munangoja kioze? Jua linashuka, munatembea." Kisha akaonyesha kichupa. "Hiki nitatilia mawese. Lakini maji yake ni mubaya, imeniliza kuliko kitunguu."

Alikuwa amejivuna, kama mutu aliyefanya kazi yenu mukiwa wazembe. Na kwa nini asijivune? Aliona miguu ya watu ikirudishwa, akaona na siye tumerudishiwa chetu. Nani alimuambia tofauti? Nilisimama pale na hasira sikujua niielekeze wapi. Nikamueleza: Kampala, vioo, jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyama ya mutoto wangu bapeleke kwa batu ba Kampala baiangalie," akasema. "Kwani bao habana ya kwabo?"

Mudogo wangu alikuwa ameamka. Alikuja akakaa mulangoni na bandeji yake, rangi imemutoka. Akaniambia mimi dada yake mukubwa, "Yaya, chimba." Muzee akasema kufukua kilichozikwa ni kuita kingine. Mudogo wangu akasema tena chimba. Nikachukua jembe. Muzee akatugeuzia mugongo, akatazama ukuta wa jirani muda wote nilipokuwa nachimba, ila hakuondoka. Alikuwa amekifunga vizuri ndani ya jani la ndizi, kama samaki wa kuoka. Wadudu chungu walikuwa wamekifikia kabla yangu. Niliwapangusa mumoja mumoja na kidole. Yale maji ya kuchoma macho alikuwa ameyamwaga, basi nikakimbia kwa jirani kuomba lotoko, ile pombe inayowaka moto ukiiwashia kibiriti, nikajaza kichupa, nikafunga. Sikujua kama inafaa. Nilijua tu kwamba wanaume wanaoinywa kila siku wanachelewa kuharibika.

Asubuhi sikuenda kwa mufanyabiashara, nilienda kwanza langoni na mudogo wangu, kuuliza. Mupasuaji akafungua kifuniko, akanusa, akacheka kidogo, kicheko cha kushitukia, akaziba mudomo na mukono. Muuguzi akamueleza mambo ya muzee na ya jani la ndizi na ya chungu. Kicheko kikakatika. Alikaa juu ya sanduku la dawa, kichupa mapajani. Akasema hakuna mutu wa vioo atakayeweza kusoma kitu pale tena. Hakutukasirikia. Ningependa atukasirikie, ningejua pa kushika.

Kisha akasema mambo mengine, na muuguzi alihangaika kuyageuza. Yeye anaondoka wiki hii, atakuja mwingine, na huyo mwingine labda hatakubali kugusa matiti. Anaweza kulikata titi lote kabla hajaenda. Labda kile kitu kilikuwa kibaya, na alipobonyeza kwapani hakupenda alichosikia. Labda hakikuwa kibaya, na titi litakuwa limekatwa bure. Labda ni kibaya na kukata kutamaliza. Labda ni kibaya na kimeshatembea, kukata hakutamaliza kitu. Sikuwa nimewahi kusikia labda nyingi hivyo kutoka kwa mutu aliyesoma.

Mudogo wangu akauliza, "Kwabo, kwa mugonjwa kama miye, bangefanya je?"

Mama yule alijibu taratibu. Kwao asingeulizwa swali hilo bila jibu la vioo. Wangekaa kwenye meza, mutu wa kisu, mutu wa vioo, mutu wa mashine, mutu wa dawa, wazungumze juu yake yeye tu.

"Na hapa?"

"Hapa," muuguzi akageuza, "anasema ni yeye, na weye, na yaya wako."

Mudogo wangu akanigeukia. "Yaya, unasema nini?"

Maisha yote nilikuwa nimemuambia la kufanya. Nilimuambia asiolewe na yule bwana wa dhahabu, akaolewa. Nilimuambia lini amuachishe mutoto ziwa, alime wapi, akimbie lini, alale chini ya kitanda ao nje. Wakati mwingine alinisikia na wakati mwingine hapana, lakini neno halikuwahi kunikosa. Siku ile nilifungua mudomo na hakukuwa kitu ndani. Nikamuangalia muuguzi, kama vile angeweza kugeuza hata hicho. Nikasema, "Sijui."

Aliniangalia, sijui kwa uchungu ao kwa mushangao. "Basi, na miye sijui," akasema. Kisha akamuambia muuguzi, "Bakate."

Wakalikata kesho yake mapema, kabla ya watu wa vidonda kufika. Safari hii walimulaza usingizi kabisa. Alipoamka, mupasuaji akaja kumuuliza kama atie tena kipande ndani ya chupa, tujaribu Kampala mara ya pili. Mudogo wangu alikuwa bado mulevi wa dawa lakini akauliza swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi: Kampala wakisema ni kibaya, wao hapa wana nini cha kumupa? Muuguzi akauliza. Yule mama akajibu neno moja, na hilo hata mimi nililisikia bila kugeuziwa. Hakuna.

"Basi titi bamupe mama mukwe," mudogo wangu akasema, akalala tena.

Muzee alikuwa tayari langoni, tangu asubuhi, amevaa nguo ya kanisa, kitenge kisafi kimekunjwa mukononi. Watu wa mustari walimupisha. Alilipokea na mikono miwili, akaondoka nalo kifuani kama mutoto aliyelala, akakataa nimusindikize. Waume walivua kofia, hawakujua ni nini.

Mupasuaji aliondoka siku chache baadaye, na mji ukashika moto tena. Tukakimbilia karibu na uwanja wa ndege, chini ya plastiki, mudogo wangu akiwa na kidonda kibichi, mimi namuosha na maji ya chumvi nikiogopa kila asubuhi kufungua bandeji. Kilipona. Bwana yake akarudi kutoka Kilo njia ilipofunguliwa, akauliza nani alitoa ruhusa. Muzee akamuambia kama anataka kusema na titi aende nyuma ya jiko, lile halina mudomo wa kumujibu vibaya. Hakuuliza tena.

Mudogo wangu akaishi. Miaka ikapita, mizuri. Aliozesha binti zake, alizika yule muzee, alirudi kutwanga na mikono miwili. Nikaanza kusema ndani yangu kwamba labda titi lilikatwa bure, na nikawa sijui kama nifurahi ao nisikitike.

Tuna binamu yetu anayekaa Ubelgiji. Vita ilipotulia na simu zikafika, alitupigia kusema kwamba amepasuliwa titi. Nilianza kumulilia. Akasema nisilie, wamekikamata kingali kidogo kama punje ya mchele. Nikauliza alikisikia je, kidogo hivyo. Akasema hakukisikia. Kule serikali inawaita wanamuke wote wa umri fulani, wazima, waje wapigwe picha ya matiti, hata kama hawaumwi kitu. Nikamuambia arudie, nilidhani simu inakatika. Wanawaita wazima? Na wasipokwenda? Akasema wanaitwa tena. Nilikaa na hiyo habari muda murefu. Binamu yangu anajua ugonjwa wake ni wa aina gani, unakula nini, unaogopa dawa gani. Akaniuliza wa mudogo wangu ulikuwa wa aina gani. Nikasema wa kushoto.

Kisha mugongo wa mudogo wangu ukaanza kuuma. Kuuma kweli, ule ugonjwa ninaoujua mimi. Bunia wakati huo ilikuwa na waganga tena, na tukaenda kwa mumoja kijana, ana heshima, alituita mama na kutupa viti. Akaona kovu. Akauliza walikuta nini ndani. Nikamuambia yote, kichupa, jani la ndizi, lotoko. Hakucheka. Akasema kama angejua kilikuwa nini, zipo dawa angejaribu kuagiza, ila dawa ya hiki si dawa ya kile, na mugongo unauma kwa sababu nyingi, hata kwa uzee na kulima. Mudogo wangu akamuuliza, kwa upole kama mutu anayemusaidia mutoto kazi ya shule, kama anaweza kutupa tu ya maumivu. Akatupa.

Njiani nilimuuliza kama anajutia kukatwa. Tulikuwa tumesimama apumuzike. Akasema, "Nililea batoto bote na titi moja. Ao labda hata na mawili ningebalea tu. Yaya, usiniulize, nimechoka."

Alikufa kwangu, wakati wa mahindi mabichi. Mwisho hakuweza kugeuka bila mimi.

Katekista alikuja kupanga mazishi, akauliza alikufa na ugonjwa gani, kwa sababu kanisani inasemwa. Nikamuambia aseme mugongo. Akasema mugongo hauui mutu, mama. Nikamuambia aseme vita. Akasema vita iliisha zamani. Kalamu yake ikabaki juu ya karatasi. Jumapili alisema marehemu alikuwa na ugonjwa wa muda murefu. Watu wakaitikia na kichwa, na mimi nikaitikia pamoja nao, nikiwa sijui kama nimeitikia kweli ao uongo.